Mnofu wa Tai

Mzee wa Vizimba, ndivyo wenzake walivyomwita, alitunza ndege kwenye bustani ya wanyama miaka ishirini na sita, na habari za midomo usimwambie kitu. Watoto wa shule wakija, anawasimamisha kwanza mbele ya ndege aitwaye chozi, awaonyeshe mdomo mwembamba wa kufyonzea utamu wa maua. Kisha kwa kasuku: mdomo huo ni koleo la kupasulia mbegu, anayebisha atie kidole. Watoto wanacheka mpaka mbavu zinawauma.

Mwisho anawapeleka kwa tai. Huyo aliletwa bawa limevunjika, wa kuruka tena hakuwa, na mwezi uleule mzee alikuwa amemzika mkewe. Basi akamdekeza kama mwana wa pekee. Tai wengine walitupiwa nyama na mifupa yake. Mzee akaona huo ni ukatili, mgonjwa ahangaishwe na mifupa ya nini? Akawa anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachambua mnofu mtupu, anaukata vipande vidogo vidogo, kila siku, miezi minane. Binti yake alimtania kwamba hata wajukuu hawajawahi kukatiwa nyama hivyo.

Mdomo ukaanza kurefuka. Mzee aliuona, akasema tai wake ananawiri. Jamani, mtu anayefundisha wengine! Ncha ikajikunja hadi kooni, mdomo ukapata ufa mpaka kwenye shina, tai akawa anashinda na njaa mbele ya sahani iliyojaa.

Daktari wa mifugo alimkagua, akaeleza taratibu kwamba mdomo wa tai hukua kama kucha, na kurarua nyama kwenye mifupa ndiko kunakoupunguza. Huu haungepona. Ilibaki sindano tu, apumzike moja kwa moja.

Akauliza nani alikuwa akimlisha. Mmoja wa watunzaji wenzake mzee akawahi kusema kwamba wanapokezana.

"Ni mimi," mzee alisema. "Peke yangu."

Aliomba amshike mwenyewe. Tai akageuza shingo ampige mkononi, kama tai yeyote anavyojitetea, lakini mdomo ukateleza tu juu ya ngozi. Mzee akausogeza mkono karibu zaidi.

"Nidonoe, mwanangu," alisema, machozi yakimtoka bila kuyaficha. "Nidonoe."

Tai akajaribu tena, akashindwa, akatulia.

Daktari akauliza kama yuko tayari. Mzee akasema bado. Baadaye kidogo akasema ndiyo.