Vizibo Kumi Mkononi

Mwaka ule dada yangu aliporudi kutoka Tanzania na watoto wake, mwalimu wa shule ya wanangu alisema binti mkubwa wa dada atapimwa hesabu Jumatatu. Akiweza, ataingia mwaka wa tatu na wa umri wake. Akishindwa, ataanza mwaka wa kwanza pamoja na wanangu wawili, ambao aliwapita kichwa kizima. Dada yangu alishinda sokoni. Kazi ya kumwandaa ikaniangukia mimi.

Nilikuwa fundi saa. Jioni macho yaliniuma, na kelele za watoto zilinichosha kuliko kazi yenyewe. Hata hivyo hesabu nilijifunza mwenyewe, na nilijua kwamba kitu kikirudiwa hushika. Kwa hiyo kila jioni nilikaa mkekani na vizibo kumi vya bia. Navigawa katika ngumi mbili, nafungua moja. Wa kwanza kutaja vilivyofichwa katika ngumi ya pili anavichukua.

Wanangu walicheza kama wachuuzi wa mpakani.

“Tatu, papa. Leta.”

“Mi ndiye nilisema mbele. We ulikuwa unapiga miayo.”

“Muongo huyu. Anaangalia uso ya papa tu.”

Mpwa wangu alikaa kimya, mikono mapajani. Hakupata hata kizibo kimoja.

“Huyu hajui,” mwanangu mdogo alisema, bila ubaya. “Bon, sawa, atakaa na sisi. Nitamuonyesha.”

Ijumaa niliacha kutazama vizibo, nikatazama midomo yake. Ilitikisika kabla wanangu hawajajibu. Nikawatuma wale wawili maji, nikamuuliza yeye peke yake. Alijibu yote, hata nilipoongeza vizibo vikafika ishirini.

“Mbona husemi wakiwapo?”

“Ni wadogo, mjomba. Mdogo hutangulia.”

Nilimwelewa. Kwetu sinia likiwekwa, mkono wa mdogo huingia kwanza, na huyu alikuwa amelea wadogo zake tangu alipoweza kubeba mtoto mgongoni. Nilimweleza kwamba hesabu si chakula, haipungui mwingine akiitwaa. Aliitikia kwa adabu, kama wanavyoitikia watoto wasiokubali. Sikuwa na nguvu ya kutafuta mfano mwingine.

Jumatatu nilimwomba mwalimu amuulize peke yake. Darasa lake lilijaa watoto hadi sakafuni.

“Muzee,” alisema, “nikiuliza mumoja mumoja, nitamaliza lini?”

Akawapanga watoto wageni wote ukutani, akawauliza kwa pamoja. Kando ya mpwa wangu alisimama mtoto mdogo aliyehesabu vidole vyake taratibu. Kila swali, mpwa wangu alimngoja. Kila swali, wengine walijibu kabla yao.

“Huyu aanze mwaka wa kwanza,” mwalimu alisema.

Mpwa wangu alinitazama kuona kama nimekasirika. Nilimwonyesha mlango wa darasa la wanangu. Walisogea upande mmoja wa benchi kumpisha, wakimwita. Alisimama hadi wote wawili walipokaa vizuri, ndipo naye akakaa.