Bakuli la Mti Mbichi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa harufu yake, harufu ya mti uliokatwa asubuhi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, najifunza kazi ya kukereza mbao pale Ngaramtoni, na siku hiyo niliukata mringaringa uliokuwa uani kwa dada yangu Aikande, huko Sekei, yeye akiwa kanisani. Sikumwomba. Niliona ni mti tu, tena wa baba yetu, na mimi ni mtoto wa baba.

Nikwambie Aikande alikuwa nani kwangu. Mama alifariki nikiwa sijafikisha miaka miwili, na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, akanilisha, akanipeleka shule. Baba naye alipotutoka, dada alibaki kwenye ile nyumba. Mringaringa ule baba aliupanda mwaka aliohamia Arusha kutoka Machame, na kivulini pake ndipo Aikande alipokuwa akifulia nguo zetu. Aliporudi akakuta kisiki, hakunigombeza. Aliingia ndani akafunga mlango. Nikabaki nje na shoka langu kama mjinga, na ndivyo nilivyokuwa.

Sisi Wachaga, ukimkosea mtu sana, unamwendea na jani la isale. Ukiwa na jani hilo mkononi, uliyemkosea hakatai kukusikiliza. Lakini mimi niliona jani peke yake ni dogo kwa fundi kama mimi. Nikaamua kuchukua kipande cha mti uleule, nimkerezee bakuli lenye kifuniko, nivipeleke pamoja. Tena nilitaka yaishe kabla ya Krismasi, maana ndugu wote wangekuja, na sikutaka wanikute nimenuniwa. Unaona mwenyewe mawazo yangu yalikuwa wapi.

Mzee Loishiye, Mwarusha aliyenifundisha kazi, alinikuta mashineni. Maranda yalikuwa yanatoka yamelowa, yananata mikononi. Akaokota moja, akalibana kwa vidole, akatazama maji yaliyotoka.

"Mti huu umeuangusha lini?"

"Wiki iliyopita, mzee."

"Basi likereze nene, kama kidole gumba, uliache kivulini mwaka mzima likauke na kujikunja linavyotaka. Halafu urudi ulikereze tena, ndipo ulitie kifuniko. Bakuli la kifuniko unaliendea mara mbili."

"Mzee, Krismasi ni wiki ijayo."

"Krismasi haimhusu huyu mti," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Sikumsikiliza. Nililimaliza siku ileile, nikalipiga msasa mpaka likang'aa, na kifuniko kikaingia kwa kubana vizuri sana. Nilijisifu moyoni kuliko siku yoyote. Nikaenda Sekei na jani la isale juu ya kifuniko. Dada alilipokea kwa mikono miwili, akalia kidogo, akasema, "Yameisha, mdogo wangu." Nikala, nikaondoka nikiwa mwepesi.

Na kwa kuwa yalikuwa yameisha, mwanangu, sikurudi tena kukaa naye. Kutoka Ngaramtoni hadi Sekei si safari ya kufungiwa chakula. Nilimsalimia kanisani, nilimwona misibani, nikaona inatosha. Miaka mitatu ikapita hivyo.

Kisha akaniita, akaniambia nije na patasi. Bakuli lilikuwa juu ya kabati, na mara moja nikaona kwamba halikuwa duara tena. Lilikuwa limekauka likajikunja mfano wa yai, na kifuniko kimekwama ndani yake. Nilikivuta, hakikutikisika.

"Limegoma kufunguka tangu ile masika ya kwanza," akasema. "Humo niliweka picha ya mama."

Picha ya mama ilikuwa moja tu duniani, ile ndogo ya kitambulisho. Nikamuuliza kwa nini hakulivunja.

"Ulilileta na isale. Ningelivunjaje? Nilikuwa nasubiri uje kutembea, ulione mwenyewe."

Nilikichonga kifuniko mpaka kikatoka vipande vipande. Ukungu ukanipiga puani kabla sijaona kitu. Unyevu wa mti mbichi ulikuwa umefungiwa mle ndani na picha, ukaila. Kilichobaki ni ukosi wa gauni na sikio moja. Pembeni yake kulikuwa na lile jani langu, limekauka. Nikajaribu kuikumbuka sura ya mama, ambayo niliijua kwa picha ile tu, na haikuja. Nililia mbele ya dada yangu, wala sikuona haya.

Baadaye nikamuuliza mama alikuwaje. Akasema, "Leo nimechoka. Njoo Jumapili."

Nikaja Jumapili. Akanisimulia nyusi za mama, zilivyokaribia kukutana. Jumapili iliyofuata akanipa mwanya wa meno, nyingine kovu la kidevuni. Kumbe Mzee Loishiye alikuwa amehifadhi kipande cha mringaringa ule, amekipaka nta pande zote mbili kisipasuke, na hakuniambia mpaka nilipomuuliza. Nikakereza bakuli nene, nikaliacha kivulini, na mwaka wote huo nilikuwa mtu wa Sekei kila Jumapili. Lilipokauka nikalirudia. Kifuniko chake mtoto hukiinua kwa vidole viwili.

Aikande alikaa nalo mpaka uzeeni. Tulipomzika, wanawe walinikabidhi. Ndani niliikuta isale ileile na kile kipande chenye sikio la mama. Nikikitazama, sehemu nyingine zote za uso ule hunijia kwa sauti ya dada yangu.

Sasa wewe, mwanangu, umemkosea mtu aliyekubeba, umemtumia samahani kwa simu na kile kipicha cha viganja viwili vya njano vilivyokutanishwa, naye amejibu kwamba yameisha. Hongera. Lakini usikae huko ulipo ukiridhika. Mpelekee zawadi ukipenda, na iwe ya mikono yako, ila usiipeleke ili upate ruhusa ya kutokwenda tena. Aliyeumia husema yameisha kwa sababu anakupenda, na anahitaji muda hata baada ya kusema hivyo. Rudi kwake wiki ijayo bila sababu, na ile inayofuata. Ona kama alichokipokea kutoka kwako bado kinafunguka. Kama kimekwama, uwe wewe wa kwanza kujua, usingoje uitwe.

Mungu akujalie utulivu wa mikono, mwanangu, na akuwekee hai yule unayemwomba msamaha. Ukibisha hodi, aitike. Ukiambiwa uje Jumapili, Jumapili ikukute mlangoni kwake.