Fundi Aliyeachwa Barabarani

Katanga ilipojitenga na Kongo, nilikuwa mwalimu kijana wa kike Lubumbashi, na baadhi ya Jumapili nilitembea na chama cha matembezi cha parokia yetu. Njia ngumu kuliko zote ilikuwa upande wa Lukafu. Kamyo ya mizigo ilitushusha barabarani, tukaanza kupanda kando ya kijito, juu ya mawe ya utelezi, na palipokatika njia tulivuka kwa kushikana mikono.

Aliyetutangulia alikuwa fundi cherehani. Alizaliwa mjini kama mimi, ila wazazi wake walitoka Kasai, na siku hizo serikali ya Katanga iliwaona watu wa Kasai kuwa maadui. Mwenyekiti wetu, karani aliyevaa viatu vipya vya ngozi, alikataa kushikwa mkono. Akateleza, na maji ya kijito, yaliyojaa kwa mvua, yakamchukua. Fundi aliruka na nguo zake, akamkamata mkanda, akamvuta hadi kwenye jiwe. Goti lake lilichubuka vibaya. Mwenyekiti alitema maji, akashukuru, tukala mihogo na karanga.

Tuliporudi kwenye kamyo, askari wa Katanga walikuwa wamefunga barabara. Mmoja akauliza kama kati yetu kuna Mukasai. Hakuna aliyejibu, na kwa sura askari asingeweza kututenganisha. Kisha mwenyekiti, suruali yake ingali imelowa, akanyoosha kidole.

"Ni ule pale. Sisi bengine tuko bantu ba hapa."

Wakampiga fundi kwa kitako cha bunduki, wakamvua viatu, wakamkalisha chini. Niliwaambia kwamba mtu huyo ndiye aliyemtoa mwenzetu majini. Askari akasema hilo halimhusu. Mwenyekiti akatuamuru tupande. Wote wakapanda. Mimi nikakaa chini kando ya fundi, na kamyo ikaondoka.

Jioni askari walituchoka, wakatuachia. Tulikwenda kwa miguu kuelekea Lukafu kutafuta gari, yeye peku. Njiani aliniambia hivi.

"Dada, mashini yangu ya kushona iko ku nyumba. Batafika kule mbele yangu."

Na kweli waporaji walifika kabla yetu. Tulipopata gari la kuturudisha mjini, tuliukuta mlango umevunjwa, cherehani haipo, mke wake amejificha kwa jirani. Yeye na mke wake wakaenda kwenye kambi ya wakimbizi pamoja na Wakasai wengine waliofukuzwa majumbani, halafu wakapandishwa treni kwenda Kasai, nchi ambayo yeye hakuwahi kuiona.

Jumapili iliyofuata mwenyekiti alinisimamisha mlangoni mwa kanisa, akanilaumu kwa kukiaibisha chama mbele ya askari. Nilimjibu watu wakisikia.

"Papa, ule muntu alikutosha mu maji. Na weye ulimuonyesha na kidole."

Akasema nyakati ni mbaya, mtu yeyote angefanya vile. Uongo. Wote tulikuwa tumenyamaza. Hakuna aliyemlazimisha kufungua mdomo. Nilimwambia hivyo pia.

Mama alinisihi niache maneno, tusije na sisi tukaitwa Wakasai. Sikuacha. Wanachama walimchagua tena awe mwenyekiti, na mimi sikutembea nao tena.