Siku Mlingoti Ulipokosa Kivuli

Kwa miaka mingi niliwafundisha watoto wa darasa la tano kwamba saa sita mchana jua huwa utosini. Nami nilifundishwa hivyo, nikakariri hivyo, na hakuna mtoto aliyewahi kunibishia mpaka mwaka niliohamishiwa shule moja ya Kitandililo, Makambako.

Aliyenibishia alikuwa msichana mgeni kama mimi. Alitoka Bulongwa akaja kuishi kwa shangazi yake, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi nzito ya Kikinga. Wenzake walimcheka, basi akawa haongei. Siku hiyo ya Julai alisimama.

"Mwalimu, utosini halipo."

"Nini hakipo?"

"Jua. Mlingoti wa bendera una kivuli. Lingekuwa utosini, kivuli kingetoka wapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nikamwambia akae chini, nikaendelea na somo. Lakini kengele ya chakula ilipogongwa nilitoka nikautazama mlingoti. Kivuli kilikuwa kimelala kuelekea kusini, hatua nne nzima. Uso uliniwaka, ingawa upepo ulikuwa wa baridi kali. Nilikuwa nimekanyaga vivuli kama kile maisha yangu yote ya ualimu.

Kesho yake nilimwomba radhi mbele ya darasa. Hakuna aliyecheka. Tukakubaliana kwamba kila Jumatatu mchana tutatoka nje, tusubiri kivuli kifikie ufupi wake wa mwisho, tupige kigingi kwenye ncha yake. Daftari la vipimo nilimpa yeye.

Vigingi vikaanza kuusogelea mlingoti. Agosti ikapita, Septemba ikapita. Watoto wa madarasa mengine wakawa wanakuja kuchungulia. Mwalimu mkuu akaingiwa na wasiwasi kwamba labda mlingoti umepinda. Akaazima timazi kwa mafundi waliokuwa wakijenga choo cha wasichana, akapima mwenyewe. Mlingoti ulikuwa wima.

"Mwalimu," yule msichana aliniuliza, "kikiisha itakuwaje?"

"Tutaona," nilimjibu. Chuoni nilijibu mtihani kuhusu safari ya jua kati ya tropiki mbili, nikapata alama nzuri. Haikuwahi kunijia akilini kwamba katika safari yake hiyo jua lingepita juu ya kichwa changu mwenyewe.

Katikati ya Oktoba tukawa tunatoka kila siku. Mchana mmoja, saa sita na nusu hivi, anga likiwa halina hata wingu, tuliuzunguka mlingoti. Kivuli cha bendera kilirukaruka pembeni kwa upepo, lakini cha mlingoti kilizidi kunywea, kikaingia kwenye msingi wa zege, kikaisha. Tulitazamana. Vichwa vya watoto havikuwa na vivuli mbele wala nyuma. Kila mmoja alikuwa amesimama juu ya duara dogo jeusi. Mwalimu mkuu alivua kofia.

"Sasa lipo," alisema yule msichana kwa sauti ndogo. Halafu akanigeukia. "Na Njombe, mwalimu?"

Dada yangu anafundisha Njombe mjini, kusini kwetu. Nilimpigia simu palepale, nikamsihi atoke nje akautazame mlingoti wa shule yao. Nikaweka sauti ya nje ili watoto wasikie.

"Kivuli kipo," alisema. "Kidogo tu, upana wa vidole viwili. Upande wa kusini. Kwani kuna nini?"

"Kesho kiangalie tena saa hii hii."

Kesho yake alipiga yeye, akihema. "Mdogo wangu, hakipo! Nimezunguka mlingoti wote, hakipo!" Nyuma yake nilisikia watoto wake wakishangilia. Kwetu, ncha nyembamba ya giza ilikuwa imeanza kuchomoza upande wa kaskazini.

Nikakaa kwenye msingi wa zege. Dunia nzima ilikuwa imejigeuza mbele ya jua, na sisi, kwa vigingi vya miti na daftari la mazoezi, tulikuwa tumeiona ikifanya hivyo kati ya Makambako na Njombe. Watoto walikuwa tayari wanabishana kama mji utakaofuata huko kusini ni Songea. Yule msichana alikuwa katikati yao, akieleza kwa sauti kubwa, kwa lafudhi yake ileile, na wote walikuwa wakimsikiliza.