Gurudumu la Kushoto

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa niliendesha pikapu ya kijiji kimoja cha upande wa Myamba. Nilishusha tangawizi, maharage na wagonjwa hadi Gonja, mara nyingine mpaka Maore. Nilikuwa mtu wa kuja. Nilitoka Songea, nikamaliza kidato cha nne, nikapita gereji mbili tatu za mashamba ya mkonge, na kila nilipoanza kuzoea chumba nilifunga mzigo. Abiria wangu walipanda nyuma wakizungumza Chasu, lugha yao ya Kipare. Walinisalimu vizuri, wakashuka, wakanishukuru. Kati ya salamu na asante sikuwa na mtu wa kuongea naye.

Isipokuwa pale kwenye mfereji. Katikati ya mteremko barabara ilipita kando ya mfereji wa kumwagilia, upande wa kushoto, na ng'ambo yake palikuwa na shamba la mjane mmoja aliyenizidi miaka michache. Petroli siku hizo ilikuwa ya kuvizia, kwa hiyo madereva wa milimani tulikuwa tunashuka tumezima injini na kutoa gia, tukitegemea breki tupu. Nikifika mfereji, magurudumu yalikuwa yanafuka moshi. Nilisimama, naye alichota maji kwa debe, akayamwaga kwenye gurudumu lililokuwa karibu naye. Lilichemka kama kikaango.

"Bwana dereva, leo umepika nini humo ndani?"

"Maharage, dada."

"Yameungua. Mkeo atakufukuza."

"Sina mke, unajua."

"Ndiyo maana yameungua!"

Waliokuwa nyuma walicheka, nami nilicheka. Tulingoja gurudumu lipoe, labda dakika kumi. Aliniuliza habari za Songea, kama kwetu kuna milima, kama mama yangu bado analima. Hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza habari za mama yangu. Lakini mwanamume mgeni hasimami kwenye shamba la mjane bila shughuli. Kijiji kizima kingejua kabla sijapanda tena mlima. Maji yale ndiyo yaliyonipa ruhusa ya kusimama. Nilizingoja dakika hizo kumi tangu asubuhi.

Kisha pikapu ikaanza kuvuta kulia kila nilipokanyaga breki. Baada ya siku chache nikasikia chuma kikisaga chuma kwenye gurudumu la mbele la kushoto. Mwenyekiti wa kijiji alinipeleka Same kutafuta pedi mpya za breki, tukazipata kwa taabu, nikafunga. Hazikumaliza hata msimu wa maharage. Upande uleule, mlio uleule.

"Mguu wako mzito," mwenyekiti aliniambia mbele ya watu. "Unakanyaga breki kama unaua nyoka."

"Mzee, ningekuwa nakanyaga vibaya zingeisha zote."

"Basi tuonyeshe."

Nikapiga jeki, nikafungua magurudumu yote mawili ya mbele. La kulia lilizunguka kwa mkono bila shida, na pedi zake mbili zilikuwa na unene mmoja. La kushoto lilikuwa zito. Pedi yake ya ndani ilikuwa imekwisha mpaka kwenye bati. Ya nje ilikuwa nene karibu kama siku tuliyoinunua. Hapo ugonjwa ulijulikana. Kile chuma kinachobana pedi hutakiwa kuteleza juu ya pini mbili, ili pedi zote mbili zishike sawa. Kisipoteleza, ya ndani hufanya kazi peke yake, na gari huvutwa upande wenye breki nzima.

Pini zilikuwa zimeshikwa na kutu. Nilizilowesha kwa mafuta ya taa kutwa nzima, nikazigonga taratibu hadi zikatoka. Vimpira vinavyozikinga vilikuwa vimepasuka kwa joto, na ndani mlikuwa na tope jekundu laini, limekauka kama unga. Nililisugua kati ya vidole. Barabara yetu ilikuwa ya changarawe nyeupe. Tope lile lilikuwa la mfereji.

Nilikaa chini kando ya gurudumu. Mwenyekiti aliuliza nimeona nini, nikamwambia ni maji: chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi kila siku, mpira hupasuka na kutu huingia. Sikusema maji ya nani. Nikakata vimpira vipya kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, nikapiga pini msasa mpaka zikang'aa, nikazipaka grisi kidogo. Tukakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo nishuke injini ikiwaka, kwa gia ileile ninayopandia, petroli iliwe kidogo zaidi, lakini breki zisipate moto.

Siku ya kwanza nilishuka vizuri mno. Breki zilishika sawasawa, pikapu haikuvuta popote. Nilifika mfereji hakuna moshi. Yeye alikuwa amesimama na debe limejaa.

Nilisimama hata hivyo.

"Leo hujapika?" aliuliza.

"Dada, nimetengeneza breki. Maji ndiyo yaliyokuwa yanaziua."

Alilitazama debe. "Kumbe mimi ndiye muuaji."

"Si wewe. Mimi ndiye niliyesimama."

Hakuna aliyecheka nyuma. Mama mmoja alikohoa. Mjane alimwaga maji kwenye mistari ya maharage yake, polepole, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa utasimama kwa sababu gani?"

Nilitafuta sababu. Nilikuwa fundi, nilijua kueleza kila chuma cha gari lile, na sababu sikuipata.

"Nitapiga honi," nikasema.

Nilipiga honi. Mwanzoni alinyoosha mkono, akapaza neno ambalo ngurumo ya injini ililimeza. Baadaye alinyoosha mkono tu. Siku moja nilipiga mara mbili, naye alikuwa ameinama akipalilia, hakuinua kichwa.

Kabla ya mvua nilirudisha funguo. Mwenyekiti alimleta dereva mpya, akaniambia nifungue gurudumu la kushoto wote waone. Alipima pedi zote mbili kwa ukucha wa kidole gumba.

"Ziko sawa kabisa," alimwambia yule mgeni. "Huyu bwana amejua kulitunza gari."

Akanipa mkono. Nilifunga gurudumu, nikakaza nati, nikachukua begi langu.