Mizabibu ya Nadhra na Salamu Isiyojibiwa

Nadhra, mjane, alitoka Yemeni na binti mmoja, Shama, na jiwe la kusagia bizari ambalo hakukubali mtu mwingine alibebe. Walipopewa ardhi ya kijiji chetu cha ushirika, chini ya milima ya Yuda, ilikuwa mawe matupu. Aliyang'oa ya kwake huku akiimba, kisha akavuka kwa jirani zake kuwasaidia na kuwacheka.

Kiangazi cha nne, tukihesabu na kile cha kupanda mizabibu, Shama akaposwa. Mizabibu ambayo ushirika uliipanda yote kwa siku moja ilikuwa imeinama kwa matunda, na Nadhra alikwisha kuahidi kwamba zabibu za kwanza za kijiji zitapamba meza ya hina ya mwanawe. Lakini Torati imeyakataza matunda ya miaka mitatu ya mwanzo. Akanijia mimi, mwalimu wao wa dini, ambaye kwa lugha yao waniita Mori, niliyefika kijijini mwaka mmoja baada yao.

"Mori, nichume nisichume?"

"Mlipanda lini? Kama mwaka wetu mpya, ule wa mwisho wa kiangazi, ulikuwa mbali kwa siku arobaini na nne au zaidi, siku hizo zahesabiwa mwaka mzima. Zikipungua, utangoja hadi mwakani."

Salem, jirani yake, akadakia kutoka uani. "Mwaka mpya ulikuwa mlangoni! Shama atazila akiwa na mtoto mgongoni."

"Wewe unakumbuka nini? Juzi ulisahau punda wako kwangu!"

Ghafla Nadhra akajipiga paji la uso. "Mori! Yule dereva!"

Lori la miche liliingia kijijini siku ya tisa ya mwezi wa Av, tunapofunga na kuliombolezea Hekalu letu lililobomolewa, wala hatusalimiani. Dereva, mtu asiyeshika funga, akatoa salamu nyumba kwa nyumba, hakuna aliyeitika. Akaghadhibika, akaimwaga miche njiani, akaenda zake.

"Kesho yake si ndipo tulipopanda?" Nadhra alisema. "Na wewe Salem tukakutuma ukamwombe radhi, ukarudi umelewa araki yake!"

Salem akakuna ndevu. "Kumbe ni siku ile? Ilikuwa tamu, wallahi."

Nikahesabu kwa vidole kutoka kesho yake ile hadi mwaka mpya: siku hamsini.

"Kachume, binti yangu. Zabibu za mwaka wa nne ni za Mungu; zikomboe kwa sarafu moja, kama ilivyoagizwa, kisha mle. Na kijiji kizima kichume."

Alipiga kigelegele kilichowatoa watu mashambani.

Siku ya hina Nadhra alimwalika dereva yule. Alipotia mguu langoni na kusema, "Amani!", kijiji kizima kiliitika, mmoja baada ya mwingine, hata akachelewa kuifikia meza. Nadhra alikuwa amemwekea kishada kikubwa kuliko vyote.