Sahani ya Pacha

Jirani yangu hupakua sahani mbili, na mtoto wa kula ni mmoja. Huushindilia wali kwa mgongo wa upawa, polepole, kama anayetandika kitanda. Binti yake wa darasa la nne akimaliza ya kwanza, mama huisogeza ya pili na kushusha sauti: “Na hii ya pacha wako, mwanangu. Usimwache na njaa.” Pacha alifariki mwaka juzi, akiwa amekonda hadi akabaki macho matupu. Binti hula akitweta, vifungo vya sare vikimbana, kisha mama humpangusa mdomo mara mbili, kwa vitambaa viwili. Jana walitoka kliniki na agizo la daktari: uzito umezidi, chakula kipunguzwe nusu. Nilipoingia kuomba kiberiti nikakuta sahani moja tu mezani. “Afadhali, dada,” nikasema, roho ikanitulia. “Ndiyo,” akajibu, akitabasamu. “Ya kwake tumeiacha. Hii ni ya mwenzake.” Mtoto akala yote. Mama akampangusa mara moja, akamwita kwa jina la marehemu. Naye akaitika.